Mofu ni lafudhi ya ngozi: kwa nini vyura wa sumu wanaofugwa wa jina moja hawafanani

Kuna picha huwa inazunguka sana mtandaoni, chura wa bluu iliyokolea, madoa meusi mgongoni, na chini yake pameandikwa Dendrobates tinctorius. Ukikaa siku mbili tatu unakutana na picha nyingine, chura wa njano mgongo mzima na miguu ya bluu, jina lile lile. Hujakaa sawa anatokea wa tatu, mweusi ti mwenye michirizi iliyofifia kama maziwa, na yeye eti tinctorius. Hapo ndo ubishi unaanza, huyu anasema aliyeandika kakosea, yule anasema hao ni dume na jike, mwingine anaapa kabisa kwamba huyo chura anabadilika rangi kama kinyonga. Wote watatu wamekosa. Aliyeandika yuko sahihi, hao ni spishi moja, na kila mmoja atakufa na rangi yake.

Tuanze na maneno maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Tukisema vyura wa sumu, au vyura wa mishale kama wengine wanavyowaita, tunamaanisha familia ya vyura wadogo wa Amerika ya Kati na Kusini, kitaalamu Dendrobatidae, yenye spishi kama 200 hivi. Wanatembea mchana kweupe juu ya majani yaliyodondoka, hawana habari na mtu, na ni wadogo kuliko watu wanavyodhani. Wapo wa sentimita 2 tu, anakaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi inabaki, na wakubwa wao wanacheza kwenye sentimita 5 hivi. Zile picha za kusogeza kamera karibu ndizo zinadanganya, mtu anadhani ni lichura la kujaza kiganja.

Spishi ni ukoo mzima. Ndani ya ukoo huo kuna kitu wafugaji wanakiita mofu, na hili neno ndilo la kushika. Mofu ni kundi la vyura wa spishi moja waliotokea eneo fulani, bonde fulani au kisiwa fulani, wakazaana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi mpaka wakawa na rangi yao, madoa yao, hata ukubwa wao. Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia mfano wa mbwa, kwamba kuna mbwa wa pua ndefu na mbwa wa pua fupi na wote ni mbwa. Mfano huo unapotosha kidogo, kwa sababu aina za mbwa katengeneza binadamu kwa kuchagua nani azae na nani, lakini mofu za hawa vyura zimekutwa msituni tayari, binadamu kaja kuzipa majina tu. Mimi napenda mfano wa lafudhi. Chukua watu wa lugha moja, watenganishe na mlima, rudi baada ya muda mrefu, utakuta kila upande una matamshi yake, lakini wanaelewana na wakikutana wanaoana bila shida. Mofu ni lafudhi, ila hii inaonekana kwenye ngozi badala ya kusikika mdomoni.

Turudi kwa huyo tinctorius maana ndiye mfano mzuri kuliko wote. Anatoka Guyana, Suriname, Guiana ya Kifaransa na kaskazini mwa Brazili, na kwa wafugaji ana mofu nyingi kiasi kwamba hata waliozoea wanachanganya. Citronella ana mgongo wa njano karibu wote, vijidoa vyeusi vichache na miguu ya bluu. Cobalt ni mweusi, ana mistari ya njano na miguu ya bluu. Powder Blue miguu yake ni bluu iliyopauka, kama imepakwa poda. Bakhuis anafanana na hao wa mistari ila ni mdogo, ukimweka karibu na jike mkubwa wa mofu nyingine unaweza kusema ni mtoto wake, kumbe ni mtu mzima na kashazaa. Watu wakizungumzia tofauti za hawa vyura wanabaki kwenye rangi tu, wakati ukubwa nao unatofautiana sana: mofu ndogo zinaishia kama sentimita 3 na nusu na kubwa zinapita 5. Kwa kiumbe wa saizi hiyo hiyo ni tofauti ya kutisha.

Yule wa bluu mwenyewe ana kisa. Anaitwa azureus, na alipoelezwa kisayansi mwaka 1969 alipewa spishi yake peke yake, Dendrobates azureus, na ukimwangalia unaelewa kwa nini: rangi hana mwenzake, na akikaa mgongo wake umejikunja kama mtu aliyezoea kubeba mizigo. Kwao ni Sipaliwini, kusini mwa Suriname, ambako ni uwanda wa nyasi wenye vipande vya msitu hapa na pale. Chura wa msituni hawezi kukatiza nyasi kavu juani, kwa hiyo kila kipande cha msitu ni kama kisiwa. Ikaja kupimwa vinasaba, na mwaka 2006 ikatoka kwamba huyu bwana ni tinctorius tu aliyefungiwa kwenye kisiwa chake cha miti akapata lafudhi nzito. Akarudishwa kwenye ukoo. Ila jina limeng'ang'ania, mpaka leo wafugaji wanaandika azureus kana kwamba hakuna kilichotokea, na ndo maana ukisoma maandishi mawili ya miaka tofauti unaona kama yanapingana.

Kuna mwingine anaitwa Oophaga pumilio, yeye ni wa sentimita 2 na kitu tu. Costa Rica anajulikana kwa mwili mwekundu na miguu ya bluu, kama kavaa suruali ya jinzi. Sasa nenda Panama, kwenye funguvisiwa la Bocas del Toro, ndo utachoka. Kisiwa hiki ni wekundu, kile ni kijani, kingine ni bluu, kingine wana madoa, kingine hawana, na visiwa vyenyewe vinaonana kwa macho. Zamani hiyo ilikuwa nchi kavu iliyoshikana na bara, barafu za dunia zilipoyeyuka bahari ikapanda, vilima vikabaki vinaelea, na vyura kila kilima wakabaki na wenzao.

Lakini hapa kuna swali ambalo mtu makini lazima aulize. Si tunaambiwa rangi kali ni onyo kwa wanyama wanaowinda, kwamba mimi nina sumu niache? Na onyo si linatakiwa liwe moja ili kila mtu alielewe? Ni sawa na taa za barabarani, kila mtaa ukiwa na rangi yake ya kusimamisha magari watu wataumia. Jibu ni kwamba ndege wa kisiwa kimoja anajifunza taa za kisiwa chake, za jirani hazimhusu, kwa hiyo kila kisiwa kinaweza kuwa na rangi yake ilimradi wote wa hapo wavae sare. Na majike wanasaidia kuitunza hiyo sare. Kwenye spishi hii mama ndiye anawalea viluwiluwi, anawabeba mmoja mmoja mpaka kwenye vijidimbwi vya maji katikati ya majani, alafu anarudi kuwatagia mayai yasiyo na mbegu wale kama chakula. Utafiti uliotoka 2019 ulifanywa na vyura wa kufugwa, watoto wakapewa mama mlezi wa rangi nyingine, na walipokua, majike yakawafuata madume ya rangi ya yule mlezi wakaacha ya mama aliyewazaa. Yaani mtoto anakariri sura ya aliyemlisha.

Sasa geuza sarafu. Huyo tinctorius ni chura mmoja mwenye mashati mengi, lakini Peru kuna Ranitomeya imitator ambaye anavaa mashati ya watu. Eneo hili ana madoa kama jirani yake variabilis, ambaye ni spishi nyingine kabisa, eneo lile ana mistari, kwingine ana pete kama summersi, na kwingine kafanana na fantastica, kutegemea nani anaishi naye hapo. Wote wana sumu, kwa hiyo wakifanana wanagawana kazi ya kumfundisha ndege. Ukiwa na imitator wa madoa na variabilis wa madoa mbele yako, rangi haikusaidii kitu, angalia puani: imitator kwa kawaida ana vidoa viwili kwenye ncha ya pua, variabilis kimoja. Na tabia hazifanani hata kidogo, imitator dume na jike wanakaa pamoja kama mke na mume wakilea, variabilis hana mambo hayo. Kwa hiyo mtu akikuletea chura akasema "huyu na huyu wanafanana, lazima wawe aina moja", huo sio ushahidi, kama vile kutofautiana rangi sio ushahidi kwamba ni aina mbili.

Na hiyo bluu inatoka wapi? Hapa nikisema watu wanadhani natania: bluu ya azureus haina wino wa bluu ndani yake. Ngozi yao ina tabaka kama tatu. Chini kuna chembe nyeusi za melanini, katikati kuna chembe zenye fuwele ndogo mno zinazorudisha mwanga, na juu kuna chembe za njano au nyekundu. Zile fuwele zinarudisha mwanga wa bluu, weusi wa chini unameza mwanga uliobaki, na wewe unaona bluu. Ni mambo ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji, unaona rangi za upinde wa mvua wakati mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Sasa weka tabaka la njano juu ya bluu hiyo, unapata kijani. Liondoe, bluu imerudi. Ndo maana kubadilika kutoka kijani kwenda bluu kati ya mofu moja na nyingine sio safari ndefu kama inavyoonekana, ni suala la tabaka moja kunenepa au kupungua. Na ndo maana chura wa kijani aliyehifadhiwa kwenye alkoholi huwa anageuka bluubluu, alkoholi imeyeyusha njano.

Kabla hujasema hii ni mofu gani jiulize chura mwenyewe ana umri gani. Phyllobates terribilis, yule maarufu wa dhahabu wa pwani ya Pasifiki ya Colombia, akiwa mdogo ni mweusi mwenye mistari miwili ya dhahabu mgongoni, na anavyokua ile dhahabu inatambaa mpaka inammeza wote. Mtu ananunua mtoto, analalamika kauziwa spishi nyingine, mara baada ya miezi kadhaa chura kageuka njano tupu. Leucomelas wa Venezuela naye, mwenye pete za njano na nyeusi, utotoni pete zake huwa safi, akikomaa zinaanza kuvunjika na madoa meusi yanajitokeza katikati ya njano. Huo ndio ubadilikaji wa rangi uliopo, wa kukua, na ukishakamilika umekamilika. Yale madoa ya ukubwani ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaolingana, wafugaji wanapiga picha kila mmoja na kumtambua kwa hayo.

Dume na jike je? Kwa rangi hamna kitu, hawa sio kama jogoo na tetea. Jike huwa mkubwa na mnene kidogo, na kwa tinctorius dume ana vidole vya mbele vyenye ncha pana, kama vimekanyagwa, wakati za jike ni nyembamba. Na dume ndiye anayeita.

Sasa kuna tofauti ambazo hazina uhusiano na mofu wala umri, zinatokana na sahani. Chura wa msituni anakula mchwa, sisimizi, utitiri na vidudu vya kila namna, wa kufugwa anakula inzi wa matunda kila siku, wale waliozalishwa wasioweza kuruka. Inzi huyo ni mkate mkavu. Rangi nyekundu na machungwa zinategemea karotenoidi, kitu kile kile kinachoifanya karoti iwe karoti, na chura hatengenezi mwenyewe, lazima ale. Ndo maana wafugaji wanawapaka inzi unga wa virutubisho kabla ya kuwalisha, na ndo maana pumilio mwekundu aliyelelewa vibaya anaishia kuwa na rangi ya machungwa iliyochoka. Mtu anayeona hivyo anasema kapata mofu mpya. Hajapata mofu mpya, kapata chura mwenye njaa ya karoti. Bluu na nyeusi haziyumbi hivyo, kwa sababu bluu ni fuwele na nyeusi anajitengenezea. Lishe mbovu ya mama au ya kiluwiluwi, pamoja na maji machafu, ndizo zinazotajwa sana pia kwenye ule ugonjwa wa miguu ya mbele kuwa kama nyuzi, kijichura kinatoka majini hakiwezi hata kujiinua. Hiyo nayo nimeona watu wanaiita "sura ya aina hii". Hapana jamani, huyo anaumwa.

Na sahani hiyo hiyo ndiyo inaamua sumu, jambo ambalo watu hawataki kabisa kuliamini. Terribilis wa porini ni hatari kweli, alielezwa kisayansi 1978 na jina lake lenyewe linamaanisha wa kutisha, chura mmoja anabeba sumu inayokadiriwa kutosha kuua watu wazima kumi hivi, na Waemberá wa Colombia walikuwa wanasugua ncha za mishale yao ya kupuliza kwenye mgongo wake. Lakini hiyo sumu haitengenezi, anaikusanya kutoka kwa wadudu anaokula. Aliyezaliwa kwenye tangi la kioo na kulishwa inzi wa matunda maisha yake yote hana sumu, anayo tu rangi, kama mtu aliyevaa sare za jeshi hajawahi kushika bunduki. Aliyekamatwa porini ni habari nyingine, yeye anaweza kukaa na sumu yake miaka kadhaa hata akiwa ndani. Na rangi sio mizani ya sumu, kwamba anayewaka zaidi ndiye anayeua zaidi, hapana, mofu ya kijani-mpauko ya terribilis ni hatari sawa na ya njano. Wala wote hawakupakwa kwenye mishale, katika hizo spishi 200 zinazojulikana kutumika hivyo ni tatu tu, zote za kundi la Phyllobates na zote za Colombia, wengine wamebebeshwa jina la ndugu zao. Hata hivyo usimshike shike hata asiye na sumu, sio kwa usalama wako, kwa usalama wake, ngozi yake inanyonya kila kitu, chumvi na mafuta ya mkono wako yanamuumiza.

Ugomvi mkubwa kwa wafugaji wenyewe ni kuchanganya. Tinctorius, auratus (ndugu yao wa kijani na nyeusi) na leucomelas wakiwekwa tangi moja wanaweza kuzaa pamoja ingawa ni spishi tatu, na mofu mbili za tinctorius ndo usiseme, zinazaana bila hata kufikiri. Mgeni anaona raha, nachanganya bluu na njano nitoe kitu ambacho hakuna mwenye nacho. Wakongwe wanakasirika mpaka mtu anawaona wanoko, lakini nadhani wana hoja. Lafudhi ikishachanganywa huwezi kuitenganisha tena. Biashara ya vyura hawa kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES tangu 1987, kwa hiyo mofu nyingi zilizopo mikononi mwa watu zinatokana na vyura wachache walioingia zamani, na hakuna uhakika wa kupata wengine. Tatizo kubwa zaidi, mtoto wa mchanganyiko mara nyingi anatoka na sura ambayo ingeweza kabisa kuwa ya mofu halisi, sio lazima awe wa ajabu.

Hapo hapo wakongwe nao wasijifanye watakatifu sana, maana uchaguzi wa binadamu umeshaanza. Kuna leucomelas wanaitwa chokleti, badala ya nyeusi wana kahawia, hao wamedumishwa na wafugaji, sio bonde lolote. Kuna watu wanaozalisha azureus wa madoa madogo tu kizazi baada ya kizazi. Hapo tunarudi kwenye ule mfano wa mbwa nilioukataa mwanzoni.

Na majina ndiyo yanamaliza watu. Bakhuis na Matecho ni milima, Citronella na Powder Blue ni rangi, Patricia ni jina la mtu, yote yanatumika sawa kana kwamba yana uzito mmoja. Cheki auratus anayeitwa Hawaiian. Hawaii haina vyura wa asili hata mmoja, hao walipelekwa kisiwa cha Oahu mwaka 1932 kutoka Panama ili wale mbu. Wamekaa huko, wana sumu ya kwao kwa sababu wanakula wadudu wa huko, na mchanganyiko wake haulingani kabisa na wa ndugu zao waliobaki. Kwa hiyo ni auratus wa Panama mwenye anwani ya Hawaii, na mfugaji anayejua kazi yake ataandika hivyo kwenye kibandiko cha tangi: spishi, mofu, eneo, wazazi walitoka kwa nani na mwaka gani. Kibandiko kikipotea macho hayatakurudishia, hata uwe na uzoefu gani, na wafugaji wengi chura wa namna hiyo wanamlisha na kumtunza vizuri mpaka afe mwenyewe ila hawamzalishi.